Anki kwa Mchina anayejifunza maneno ya Kiingereza: tathmini yangu kutoka Mbeya

Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Mbeya, na wengi wa wanafunzi wangu kwa sasa ni Wachina: wauza spea na vifaa vya umeme, mafundi wa mitambo, wasimamizi wa kazi za barabara, na mama mmoja mwenye duka la vigae. Swali lao ni moja. Mwalimu, niweke programu gani kwenye simu ili maneno yakae kichwani? Jibu langu ni Anki. Imenisaidia kufundisha kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika. Lakini nimeona pia watu wakiitumia vibaya mpaka wakaichukia, na wengi wao walikosea mahali pamoja, kwa hiyo nitakaa hapo kwa urefu.

Kwanza tuelewane kuhusu wanafunzi wenyewe. Mtu anaweza kushangaa Mchina wa Mbeya anatafuta Kiingereza cha nini wakati Mwanjelwa sokoni kila kitu ni Kiswahili. Kiswahili wanakiokota wenyewe kwa wateja na kwa vijana wao wa dukani. Yule mama wa vigae anapatana bei vizuri kabisa, anajua kusema "dada, hapo sipati kitu" na akaeleweka. Kiingereza kinawabana kwenye makaratasi: mkataba wa pango, barua ya benki, kitabu cha mashine, nyaraka za forodha. Halafu Mbeya iko njiani. Ukimaliza Tunduma umeingia Zambia, ukimaliza Kasumulu umeingia Malawi, na mteja wa huko anaandika Kiingereza. Wachina wamezoeleka huku tangu reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, lakini hawa wa leo wengi wamekuja na mitaji yao, na mwenye duka lake hana mkalimani wa kumsomea barua saa mbili usiku.

Jambo la pili, hawaanzi sifuri. Mchina aliyemaliza sekondari amesoma Kiingereza miaka mingi. Kwa mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, gaokao, yanatajwa maneno kama 3,500 ya kujua. Wengi waliyakariri kutoka vitabu vya orodha vilivyopangwa kwa alfabeti, na ndiyo maana karibu kila mmoja anakumbuka "abandon", maana ndilo lililokuwa ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi wa namna hii ukimwandikia neno ubaoni analitambua. Ukilitamka halisikii. Ukimwambia alitumie kwenye sentensi anatafuta simu. Tena kila neno kichwani mwake limefungwa na maana moja tu ya Kichina, ile iliyokuwa kwenye orodha. Programu nzuri kwake ni ile itakayofungua hayo mafundo, kwa sababu kumwongezea orodha nyingine juu ya ile ya shule hakumsaidii.

Sasa Anki yenyewe. Ni programu ya kadi. Mbele unaweka swali, nyuma jibu. Unajiuliza, unageuza, halafu unaiambia programu umefanyaje kwa kubonyeza kitufe kimoja kati ya vinne: tena, ngumu, vizuri, rahisi. Ukishindwa, kadi inarudi baada ya dakika chache. Ukipata, inarudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima kusahau kwake mwenyewe na kuandika matokeo mwaka 1885, akionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni na kwamba kurudia kwa vipindi kunasaidia kuliko kurundika kwa siku moja. Mwaka 1987 Mpolandi Piotr Woźniak, ambaye naye alikuwa mwanafunzi akihangaika na maneno ya Kiingereza, aliiingiza hesabu hiyo kwenye kompyuta. Damien Elmes alianza Anki mwaka 2006 akiwa anajifunza Kijapani.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wangu wapya, na nyuso zao hubadilika. Tangu mwishoni mwa 2023 Anki ina hesabu mpya iitwayo FSRS, inayojifunza kusahau kwako wewe binafsi na kukupangia tarehe. Aliyeiandika ni kijana wa Kichina, Jarrett Ye, aliyetokea kwenye kazi ya programu ya kukariri maneno ya huko kwao iitwayo MaiMemo. Kwa hiyo injini iliyomo ndani ya Anki leo imetokana kwa sehemu kubwa na Wachina wenzao waliokuwa wanapambana na maneno haya haya. Ukiingia kwenye mipangilio, iwashe. Inakuuliza unataka kukumbuka kwa kiwango gani, nayo imewekwa asilimia 90. Iache hapo hapo. Ukiipandisha mpaka 97 utapewa kadi nyingi mno kwa faida ndogo.

Nilisema wengi wanakosea mahali pamoja. Mtu akishaweka Anki, kitu cha kwanza anachofanya ni kushusha fungu la kadi lililotengenezwa tayari: maneno elfu tano ya mtihani fulani, mbele Kiingereza, nyuma neno moja la Kichina. Anaanza kwa nguvu. Baada ya muda ana mamia ya kadi kila asubuhi, anabonyeza akiwa anakunywa chai, na siku barua ikija hajui imesema nini. Ile ni orodha ya shule imehamia kwenye simu.

Nitoe mfano wa muuza spea mmoja. Alipata barua ya Kiingereza kutoka kwa watu anaochukua mzigo kwao, na ndani yake kulikuwa na maneno "outstanding amount". "Outstanding" alilijua tangu shule, maana kwenye orodha yake lilikuwa sifa: bora, wa kupigiwa mfano. Akaisoma barua ile akidhani anasifiwa kwa kiasi alichonunua. Walikuwa wanamdai. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu yake, neno lilikuwepo kichwani, tena lilikuwepo kwa maana iliyo sahihi, ila si maana ya barua ile.

Tulikaa tukatengeneza kadi. Mbele aliandika sentensi fupi aliyoitoa kwenye barua yenyewe, tukaacha pengo: "The ____ amount is due on Friday." Nyuma likaja neno lenyewe, chini yake kwa Kichina "ambayo haijalipwa", na picha ya ule mstari aliyoipiga kwa simu yake. Kisha akatengeneza kadi ya pili, peke yake, ya ile maana ya sifa: "She is an ____ student." Hapa nasisitiza sana: maana mbili, kadi mbili. Ukizirundika kwenye kadi moja, mtu anakumbuka moja anajipa pointi na nyingine inabaki palepale. Kadi za pengo zimo ndani ya Anki, unaandika sentensi nzima, unachagua neno, unabonyeza alama ya mabano, basi.

Fundi wa mitambo naye alikuwa na "seal". Programu yenye picha aliyokuwa akiitumia zamani ilimpa mnyama wa baharini, ambaye huku nyanda za juu hatamwona. Kwake "seal" ni ile sili ya kuzuia oili isivuje kwenye shafti ya mashine. Mwenzake anayefuatilia mizigo anaijua ile ya kufunga kontena, yenye namba, ambayo pale Tunduma huangaliwa kama inalingana na karatasi. Kila mmoja akaandika kadi yake, na yule fundi akaweka picha ya sili aliyoitoa yeye mwenyewe kwenye pampu, imechakaa, ina grisi. Nimeona kadi nyingi katika kazi hii, ila ile naikumbuka. Neno lile hajalikosa tena.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: kadi itoke kwenye karatasi uliyoshika, mashine uliyofungua au mtu uliyezungumza naye. Na neno lije na jirani yake. Kichina kina kitenzi "kāi" ambacho kinafanya kazi nyingi: kufungua mlango, kuwasha taa, kuendesha gari. Ndiyo maana mwanafunzi anasema kwa Kiingereza kwamba anafungua taa. Ukimpa kadi ya "turn on" peke yake, hujamsaidia sana. Mpe "turn on the light", "turn on the pump", na kadi nyingine ya "drive the truck". Anajifunza kifungu kizima, nacho hutoka mdomoni kikiwa kizima.

Sauti ndiyo faida kubwa ya pili, na watu wengi hawaigusi. Katika Kichina cha Mandarin silabi huishia na vokali, au na n, ng, ama r. Basi. Neno kama "bolt" au "shelf" linamfanya alimeze mwishoni au aongeze vokali. Sisi Waswahili tunaujua mtihani huu vizuri, maana nasi tunasema bolti na benki bila wasiwasi. Lakini kwenye simu na mteja wa Lusaka, "fifteen" na "fifty" zikikaribiana, mzigo unaenda kombo. Ndani ya Anki ya Android kuna kitufe cha kurekodi. Mimi nasoma ile sentensi, sauti yangu inakaa nyuma ya kadi, na mwanafunzi anaisikiliza kila kadi inaporudi. Wengine tunawatafutia sauti ya Mzambia au Mmalawi wanayefanya naye biashara, kwa ridhaa yake, kwa sababu Kiingereza watakachokisikia kazini ni cha huku kwetu. Pia natengeneza kadi zisizo na maandishi mbele kabisa, sauti tu. Hizo ndizo ngumu kuliko zote kwa Mchina aliyesoma kwa macho, na ndizo zinazomsogeza mbele haraka.

Kuhusu wingi. Programu inakuja ikiwa imepangwa kadi mpya 20 kwa siku. Kwa mwanafunzi wa bweni huenda ni sawa. Kwa mtu mwenye duka, watoto na fundi wa kumsimamia, ni nyingi, kwa sababu kila kadi mpya ni ahadi ya kurudi mara nyingi. Mimi naishusha hadi tano au sita. Wanafunzi wanalalamika kwamba ni kidogo, wanataka kukimbia, nami siwapi nafasi hiyo mwanzoni. Tatizo lingine ni safari. Mtu akishuka Dar kutoa mzigo bandarini akakaa huko bila kufungua simu, akirudi anakuta mlima wa kadi. Hapo ndipo wengi wanapoacha. Dawa yake: weka kadi mpya ziwe sifuri, punguza deni kidogo kidogo kila siku mpaka liishe, kisha rudisha. Usifute fungu ukaanza upya, maana utapoteza kumbukumbu yote ambayo programu imejifunza juu yako.

Uzuri mmoja unaohusu huku kwetu ni kwamba kadi zikishaingia kwenye simu, intaneti haihitajiki. Mmoja wao hupitia kadi akiwa kwenye gari kati ya Makambako na Igawa, bando limeisha, na programu inaendelea kama kawaida. Ukipata mtandao inaoanisha na akaunti ya bure ya AnkiWeb, na simu ikiibwa au ikianguka, kadi unazikuta huko.

Kwa upande wa gharama, Android ni bure kabisa, programu inaitwa AnkiDroid. Kompyuta pia ni bure. Kwenye iPhone toleo rasmi linauzwa dola 25 hivi, kwa fedha zetu shilingi elfu sitini na ushee, unalipa mara moja. Mwenye iPhone asiyetaka kulipa anaweza kupitia kadi kwenye tovuti ya AnkiWeb kwa kivinjari. Angalizo moja kwa wanafunzi wa Kichina hasa: simu nyingi walizokuja nazo kutoka nyumbani hazina duka la Google. AnkiDroid inapatikana pia F-Droid, duka jingine la programu za Android, ambako huhitaji akaunti ya Google. Jihadhari na programu zenye jina linalofanana. Hakikisha ni AnkiDroid. Menyu inaweza kuwekwa kwa Kichina, na mwanzoni nawaambia wafanye hivyo, ili wasipoteze nguvu kwenye mipangilio.

Na mipangilio ni mingi kweli. Sura ya programu ni kavu, haina nyota wala kengele za kukupongeza, na mtu aliyezoea programu za kisasa anaweza kuona kama imepitwa na wakati. Mama wa vigae aliiangalia akaniambia haivutii. Tuliketi siku moja tukaweka kila kitu, tukafunga mlango wa mipangilio, na tangu hapo anagusa vitufe vinne tu. Kama huna mtu wa kukusaidia siku ya kwanza, jiandae kuchoka kidogo.

Wanafunzi huniuliza kuhusu programu za kwao. Baicizhan inafundisha kwa picha, na kwa maneno ya vitu vinavyoonekana inafaa, hasa kwa mtoto. Youdao ni kamusi ambayo wengi wanayo, nami siwakatazi. Ukikutana na neno barabarani unahitaji maana haraka. Tunachofanya ni kuvuta sentensi kutoka kwenye maisha, kuangalia maana Youdao, halafu kadi inaandikwa Anki. Aliyefika mbali kidogo namhamisha kwenye kamusi ya wanafunzi ya Longman, ambayo imeeleza maana zote kwa maneno ya msingi takriban 2,000. Mtu akiyamiliki hayo 2,000 anaweza kusoma Kiingereza kwa Kiingereza, na nyuma ya kadi Kichina kinaanza kupungua chenyewe.

Hesabu hizi zinawatisha watu, kwa hiyo niseme kidogo. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alikadiria kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kushika kamusi kunataka familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na ndugu zake kama "pay" na "payment" huhesabiwa familia moja. Muuza spea akisikia hivyo anakata tamaa. Lakini yeye hahitaji riwaya mwaka huu. Anahitaji msingi wa kawaida na maneno mia chache ya kazi yake, yaliyokaa sawasawa, yanayosikika na kutamkika. Hilo linafikika, nimeliona kwa watu waliokuja kwangu wakiwa hawawezi kupokea simu ya mteja.

Kuna mambo ambayo Anki haifanyi, na asiyeambiwa atailaumu bure. Haikufundishi kuzungumza. Kichina cha kusemwa hakitofautishi "he" na "she", wote ni "tā", kama sisi tunavyosema yeye. Mwanafunzi anajua kabisa tofauti, kwenye kadi hakosi, lakini akianza kusimulia habari za mke wake anamwita mwanamume. Hilo tunalinyoosha kwa kukaa na picha za familia na kuongea, mara nyingi, polepole. Vile vile barua: kujua maneno yote ya barua si kujua kuiandika kwa heshima. Huo ni muda wa mwalimu, au wa rafiki mwenye subira.

Kwa mzungumzaji wa Kichina aliyesoma Kiingereza shuleni na sasa anafanya kazi huku kusini, naipa Anki alama za juu kabisa, kwa masharti niliyoyataja. Kwa mtoto wa shule ya msingi siipendekezi. Kwa mtu ambaye hajui kabisa herufi za Kiingereza, asubiri kwanza.

Anayetaka kuanza wiki hii achukue karatasi moja ya kazini iliyomshinda, iwe ankara, barua au ukurasa wa kitabu cha mashine. Apigie mstari maneno matano, asizidishe. Aandike sentensi tano zenye pengo, atafute mtu wa kumsomea kwa sauti, arekodi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua duka, apitie hizo tano, na akishazimaliza ndipo aongeze za karatasi ya pili.